Jina Lililobaki Korongoni

Tangu asubuhi Time hakuwa na pa kutulia. Alipofika kazini, kwenye nyumba ya Bi Rupa, bibi anayemtunza pale Rayners Lane, alifuta meza iliyokwisha futwa. Akachambua mchele, na mchele wa dukani London hauna chuya hata moja. Akaenda dirishani, akarudi jikoni, akaenda tena. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kikimpwita. Daktari alishasema kimepona, lakini siku ambazo moyo umemchafuka, nacho huamka.

Jioni ya leo wazee watakaa Tottenham, sebuleni kwa shangazi yake Bi Miska, wazee wa upande wake na wa upande wa mumewe. Yeye na mumewe Msabaha wataulizwa, watasuluhishwa, na wasiposuluhika Msabaha ataambiwa atoe talaka. Bi Miska hakuutaka hata huo usuluhishi. Alikwisha kata shauri, tena kwenye simu, tena kwa sauti ya kumfikia jirani.

"Akuwache! Mume wa kukutupa jangwani huyo si mume, huyo ni dereva wa teksi. Na dereva wa teksi angalau hugeuka kudai nauli!"

Time alikuwa amecheka. Kisha akaingia bafuni akafungulia maji ili asisikiwe akilia.

"Kailash!" Bi Rupa aliita kutoka sebuleni. "Kailash, chai inapoa!"

"Anakuja, mama," Time akajibu, kama anavyojibu kila siku.

Kailash haji. Kailash alikuwa mume wa Bi Rupa, alikufa siku nyingi. Walikuwa na duka la vitambaa Unguja kabla ya kuhamia huku, na Kiswahili cha Bi Rupa kilibaki kile kile cha Darajani, safi, hakijachujuka. Binti yake ndiye aliyemweleza Time kuwa kwao nao mke hamtaji mumewe. Mama aliishi na baba umri mzima, akimwita "baba watoto" au akigonga bangili mlangoni ili ageuke. Tangu kumbukumbu zianze kumtoka, jina la Kailash halimwishi mdomoni. "Amesahau kwamba alikuwa hamwiti," binti alisema, akacheka, kisha akatafuta kitambaa cha kufutia macho.

Kengele ya mlango ikalia. Mara moja tu, fupi, kama ya mtu anayeomba radhi kwa kupiga kengele.

Time alijua ni nani kabla hajafungua.

Msabaha alikuwa amesimama na koti lake la kazi, lile la rangi ya chungwa wanalovaa mafundi wa reli za tramu kule Croydon. Hakupita nyumbani kubadilisha. Ameuvuka mji mzima hivyo hivyo, mikono ina grisi, ndevu hazijachongwa. Mkononi alikuwa na mkoba wa mgongoni, wa Time, ambao kwenye mishono yake bado lilikuwemo vumbi jekundu la Omani.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikum salaam. Umefuata nini? Watu wanakaa jioni."

"Watakaa jioni, ndiyo. Mimi nimekuja kukaa na wewe kabla wao hawajanikalia mimi."

"Hapa ni kazini kwa watu."

"Basi nipe maji ya kunywa, halafu nifukuze."

Amekonda. Hilo ndilo lililomfanya Time asogee mlangoni ampishe. Shingo yake, ile shingo aliyokuwa akiitazama usiku mwenyewe akiwa amelala, ilikuwa imetoka mishipa. Alimpita akiwa na harufu yake ya chuma na sabuni, na Time akageuza uso upesi kuelekea kabati la bilauri, maana miguu ilitaka kufanya upumbavu.

Msabaha alikunywa maji akiwa amesimama. Aliirudisha bilauri mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mguu?" akauliza.

"Umepona."

"Unachechemea."

"Unanitazama miguu ya nini? Ulipotakiwa kuitazama hukuitazama."

Msabaha akayaondoa macho miguuni.

Safari ile ya Omani Time alikuwa ameahidiwa tangu uchumba. Msabaha alizaliwa hapa hapa London, mtoto wa Wapemba waliokimbilia huku, na Kiswahili alikijua cha kumsikiliza mama yake na kumjibu kwa Kiingereza. Alijifunza kukisema vizuri kwa ajili ya Time. Siku ya kwanza waliyoruhusiwa kuzungumza alitoa simu akamwonyesha picha za majabali ya Omani, kwa bibi yake mzaa mama. Majabali yamepasuka toka juu mpaka chini, na katika ule mpasuko, binadamu anapita. "Njia nyembamba," alimwambia, macho yanamng'aa, "pengine lazima upite ubavu. Nataka nipite na wewe."

Bi Miska aliposikia kuwa fungate italiwa huko aliangusha upawa. "Bibi harusi hukaa ndani akasingwa liwa! Hapelekwi kutambaa mapangoni kama kenge!" Lakini Time alikwisha yaona yale macho, akasema atakwenda.

Wakaenda. Wakamsalimia bibi kule Maskati, wakala halua mpaka meno yakauma, kisha wakapanda milimani, na asubuhi moja wakaingia korongoni.

Mpaka leo Time akifumba macho anaiona. Kuta zilipanda huku na huku hata mbingu ikabaki utepe. Mawe yalilainishwa na maji ya zamani yakawa kama kitambaa kilichokunjwa, mahali jekundu, mahali rangi ya ile halua, mahali zambarau. Jua halikufika chini, ila mwanga wake uliteremka ukutani pole pole. Kila walipofika pabaya Msabaha alitangulia, akageuka, akampa mkono. "Weka mguu hapa. Sasa hapa. Nimekushika." Kuna mahali palibana kiasi kwamba kupishana ilikuwa ni kukumbatiana, na wao hawakuwa na haja ya kupishana, wakakumbatiana tu. Time alisikia moyo wa mumewe ukigonga kifuani kwake, na jabali likimpoza mgongo.

"Niite," Msabaha alimnong'oneza pale. "Niite jina langu. Humu hamna shangazi."

Time alicheka kwa haya, akamsukuma kidogo. "Wee!"

Naye alicheka. Lakini Time ni mtu wa kuangalia watu, hata akiwa amefurahi huangalia, na aliona kuwa mdomo ulicheka na macho hayakucheka. Akajiambia ni kivuli cha mawe.

Baada ya hapo Msabaha alitangulia, na hakugeuka tena.

"Mimi nataka kuuliza kitu kimoja," Msabaha alisema sasa, jikoni kwa Bi Rupa. "Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita! Niliita mpaka koo likakauka!"

"Uliita nini?"

Time akashika ukingo wa sinki.

"Sema, Time. Uliita nini?"

"Unajua nilichoita."

"Uliita 'wee'. Wee, bwana, hebu. Mle ndani walikuwamo Wafaransa, walikuwamo Wahindi, walikuwamo vijana wa Maskati na muziki wao. Kila mtu anapiga kelele, kila jabali linajibu. Nani atajua 'wee' ni yeye?"

"Mguu ulikuwa umenasa kati ya mawe mawili! Kila nikivuta unazidi kuingia. Na maji yakaanza kuja, madogo, nikadhani ni jasho, kumbe mvua imenyesha huko juu. Yakafika hapa." Akajipiga gotini. "Yakafika hapa." Akajipiga pajani. "Nimerusha vijiwe, nimegonga chupa ukutani, nimekohoa kama punda mgonjwa. Aliyekuja kunitoa ni Mfaransa, Anselme, mzee wa watu, alinibeba kama gunia. Na nilipotoka nje nilikuona nini? Mgongo wako! Umenipa mgongo unapiga picha mlima!"

"Kailash?" Bi Rupa aliuliza kutoka sebuleni, kwa wasiwasi. "Mnagombana?"

"Hatugombani, mama. Redio hiyo." Time akashusha sauti. Alivuta pumzi, na kwa kuwa alimpenda mtu huyu na hakutaka kumwona akizama, akamfungulia njia. "Kwa hiyo hukunisikia."

Lilikuwa jambo jepesi. Angesema sikusikia, na kelele zile, na mawe yale, nani angembishia? Hata wazee wangelikubali. Time alimtazama akimwombea kimoyomoyo alichukue.

Msabaha alisugua grisi kwenye kidole gumba. Aliisugua sana.

"Nilisikia," akasema.

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Nilisikia, Time. London nzima ipige kelele, sauti yako naijua. Nilisikia 'wee' nikajua ni wewe, nikasema moyoni, leo sigeuki. Leo mpaka aniite. Nilidhani uko nyuma yangu unacheka. Wallahi sikujua umekwama. Wallahi."

Time alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

"Ulisikia," akasema. "Ukaninunia. Korongoni."

"Ndiyo."

"Kwa jina."

"Kwa jina, ndiyo! Kwako ni kitu kidogo." Sauti yake ilipanda, akaishusha, akaelekeza macho mlangoni kwa adabu ya Bi Rupa. "Sikiliza, plizi. Kila mtu hapa duniani ananiita isipokuwa wewe. Bosi ananiita, mama ananiita, abiria wa tramu wanasoma beji wananiita. Wewe ukinipigia simu unasema 'mimi hapa'. Ukitaka nigeuke unakohoa. Mji huu wote unakuita Taim kama saa ya ukutani, mimi peke yangu ndiye nakuita Time sawasawa, nakuita asubuhi, nakuita jioni, na mimi siitwi. Nikaanza kujiuliza, huyu kaolewa na mimi au kaolewa na nyumba?"

"Mimi nimefundishwa! Shangazi yangu ndiye somo wangu, alinikalisha ndani akaniambia jina la mume ni kitu cha ndani, halitolewi nje likapigwa na jua. Kwangu mimi ile ni heshima."

"Na kwangu mimi ni upweke."

Walitazamana. Kati yao palikuwa na meza ndogo ya plastiki na mchele uliochambuliwa bure, na Time aliona kuwa angeweza kunyoosha mkono akamgusa uso, na akaona pia maji yakipanda pajani, baridi, na mgongo wa mtu anayesikia.

"Nenda," akasema. "Jioni useme mbele ya wazee kama ulivyosema hapa."

"Nitasema."

"Watakwambia uniwache."

"Wataniambia. Lakini sikuwachi kwa sababu shangazi yako anataka. Ukitaka wewe, utaniambia kwa mdomo wako." Akauweka mkoba kwenye kiti, akaunyoosha mkanda wake usiburure sakafuni. "Nimeusafisha nikashindwa. Lile vumbi halitoki."

Mlango ulifungwa polepole. Hata kuondoka kwake alikuwa hana kishindo.

Time alibaki amesimama. Alitaka kuketi na hakuweza. Alitaka kulia na hasira ikakataa. Alichota mchele mkononi akaurudisha, akauchota tena. Ndipo akasikia kitu kinagonga kioo, ti ti ti, ti ti ti.

Alipoingia sebuleni Bi Rupa alikuwa ameinuka mwenyewe, jambo asilolifanya, ameegemea dirishani, anagonga kioo kwa pete yake. Nje, koti la rangi ya chungwa lilikuwa linavuka barabara.

"Kailash!" Bi Rupa aliita. Pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo. "Kailash, geuka basi! Si nakuita? Sasa nakuita!"

Koti likakata kona.

Bi Rupa akamgeukia Time, macho yamejaa maji kama ya mtoto aliyeonewa. "Hageuki," akasema. "Hageuki kabisa."

Time alimkalisha kitini upesi, akamfunika miguu kwa shali. "Nakuja sasa hivi, mama. Usiinuke. Nahesabu mpaka mlangoni, narudi." Hakujua anasema nini. Alitoka na ndara za ndani, mtandio umemning'inia bega moja.

Nyuma ya nyumba zile kuna kichochoro cha kukatia kwenda stesheni, uzio wa mbao huku, uzio wa mbao huku, mrefu kuliko mtu, na miti ya watu imeinama juu yake hata mbingu inabaki kidogo. Time amekipita kila siku ya kazi na hakuwahi kukifikiria. Leo alipoingia hatua chache miguu ilikataa. Kule mbele, karibu na mwisho, Msabaha alikuwa anakwenda, amempa mgongo.

Mgongo ule ule.

Alifungua mdomo. Alilitaka lile jina, alilitafuta mpaka chini ya moyo, na lilipofika kwenye meno likakwama. Kilichotoka ni kile alichokizoea, chembamba, cha kukatika.

"Wee!"

Mama mmoja mwenye toroli la sokoni, aliyekuwa katikati ya njia, akageuka. Lakini hakumtangulia Msabaha. Msabaha aligeuka kabla sauti haijamaliza kufika, kama mtu aliyekuwa anatembea kwa masikio. Akarudi mbio. Akajibana uzioni ampite yule mama, sori, sori, bega likakwaruza mbao, akafika, macho yake yakaenda chini moja kwa moja.

"Umekwama? Mguu? Umeteguka tena?"

"Sikuteguka."

"Nini basi?"

"Umegeuka," Time alisema.

"Umeniita."

Alikuwa anahema. Walisimama pale pembamba, kifua kwa kifua, na safari hii kilichokuwa mgongoni kwa Time ni mbao zenye ukungu wa mvua. Akajaribu tena. Midomo ilijikusanya, "M", na ulimi ukagoma. Chozi likamshuka kwa aibu.

"Basi," Msabaha akamwambia. Alinyoosha kidole chenye grisi, akakumbuka grisi, akamfuta kwa mgongo wa mkono. "Acha. Ndicho nilichokuja kusema, nikakisema vibaya. 'Wee' inanitosha. Ukikohoa nitageuka. Ukigonga chupa nitageuka. Nilikosa, Time. Ningekukosa kwa ujinga wangu."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Kila nikilala naona maji."

"Najua. Nami naona."

"Na bado sitaki uende." Alilisema kwa hasira, kama anamtukana. "Hilo ndilo linalonisumbua. Toka asubuhi sikai, sisimami, sili. Nikikuona nataka kukupiga, na usipoonekana nataka kufa. Sasa niwaambie nini wazee?"

Msabaha alitaka kucheka akaogopa. "Waambie hivyo hivyo."

"Mama yuko peke yake," Time akakumbuka. "Twende."

Kichochoro hakiruhusu watu wawili sambamba. Msabaha akajibana uzioni.

"Tangulia wewe," akasema. "Nikae nyuma nikuone."

Time akatangulia. Alichechemea kidogo, na kila hatua alisikia viatu vizito vya kazi vikipunguza mwendo nyuma yake, vikimfuata alivyo.

Bi Rupa alikuwa pale pale kitini, shali miguuni. Alipowaona aliinua kichwa, akamtazama Msabaha toka viatu mpaka ndevu, kwa makini, kama anavyotazama mwenye duka kitambaa kilichorudishwa. Macho yake yalikuwa na ule uangavu unaomjia mara chache.

"Huyu ndiye Msabaha?" akauliza.

Msabaha akashtuka. "Shikamoo, mama. Nani kakwambia jina langu?"

"Mama, chai yako nitaipasha moto tena..." Time akaanza, na uso wote ukamwaka moto.

"Kila siku huyu mtoto anaongea naye jikoni," Bi Rupa aliendelea, hakumjali. "Msabaha, leo baridi. Msabaha, umekula? Anaosha sahani, Msabaha, Msabaha. Nikasema, huyu mwanamume gani haitiki? Jeuri hii imetoka wapi?"

Time alitazama zulia. Hakuweza kumtazama mumewe, lakini alisikia namna pumzi yake ilivyobadilika, na koti lile gumu lilivyochakarika, kama mtu aliyetafuta ukuta wa kuegemea akaukosa.

Simu ikalia mfukoni kwa Time. Bi Miska. Huhitaji kumweka kwenye spika, mwenyewe ni spika.

"Uko wapi? Zamu yako haijesha? Watu wa kwao wameshatuma salamu wako njiani. Njoo mapema nikutie udi, uingie mbele yao kama mtu. Na ukimwona stesheni usimjibu! Unasikia? Unakuja peke yako?"

"Siji peke yangu, shangazi."

"Unakuja na nani?"

Hapo ndipo palikuwa na maneno yote aliyofundishwa. Mwenyewe. Bwana. Huyo. Yalisimama mstari mdomoni, yamevaa vizuri, yanangoja kuchaguliwa. Time alimtazama Bi Rupa, ambaye alikuwa amegeukia dirisha tena. Akavuta pumzi mpaka ikamuuma.

"Na Msabaha," akasema.

Kule Tottenham upawa wa Bi Miska, aliyemfundisha, ukalia sakafuni.

Na nyuma ya Time, kwa sauti ndogo iliyokatika katikati, mumewe akaitika.

"Naam."